Uliberali Mkongwe, Itikadi za Leo na Haki za Mtu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Amu

Mengi ya maswali haya nimeulizwa barazani hapa Amu, yaani Lamu, baina ya Alasiri na Magharibi. Machache yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha nne ambao mtihani umewakaribia. Pasipo na neno nimejibu kwa ufupi, penye neno nimekaa. Upande wangu ninao, na msomaji atauona.

Uliberali mkongwe ni nini?

Ni fikra za siasa zilizokomaa Ulaya na Marekani kati ya karne ya 17 na ya 19. Kiini chake ni kwamba mtu ana haki zake kabla ya serikali kuwako. Serikali ni bawabu aliyewekwa mlangoni, nyumba si yake. John Locke, Mwingereza aliyechapisha hoja zake mwaka 1689, alizitaja haki hizo kuwa uhai, uhuru na mali. Adam Smith mwaka 1776 akaeleza kwa nini watu wakiachwa wauziane kwa hiari hutajirika kuliko mfalme anapogawa ukiritimba kwa vipenzi wake. John Stuart Mill mwaka 1859 akaweka mpaka: mtu mzima azuiwe kwa nguvu pale tu anapodhuru wengine. Akijidhuru mwenyewe, apewe nasaha, asipigwe rungu.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina sentensi iliyotoka moja kwa moja kwenye kisima hicho. Kifungu cha 19 kinasema haki ni za kila mtu na hazitolewi na Dola.

Uhuru tunaousema sisi ndio huo wanaousema wao?

Karibu sana, na hapa naomba subira.

Kabla "uhuru" haujawa neno la bendera na gwaride, ulikuwa hali ya mtu asiyemilikiwa. Huru ni yule ambaye si mtumwa. Mwungwana vilevile: leo tunamwita hivyo mtu mwenye adabu, lakini hapa Amu neno lilitaja kwanza ukoo na hadhi, mtu aliyezaliwa huru kwa waliozaliwa huru. Na neno la Kilatini lililozaa "liberali" lina maana hiyohiyo, mtu asiye mtumwa. Lugha zote mbili zilijifunza uhuru kwa kumtazama aliyeukosa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza itikadi yoyote ni dogo tu: ikisema "mtu", inamhesabu nani? Locke aliyeandika kwamba watu wote huzaliwa huru alikuwa na fedha zake katika Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika. Alishiriki pia kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa bwana mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Mill aliajiriwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kutoka 1823 hadi 1858, na katika kitabu kilekile cha uhuru akasema kanuni yake haiwahusu watu aliowaita washenzi. Hao wangeweza kutawaliwa kwa mkono wa chuma, alimradi nia iwe kuwaendeleza.

Tusiwacheke haraka. Waungwana wa Amu walikuwa na mashamba ng'ambo, bara, na waliolima si waungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani yetu ya Kenya ukangoja hadi 1907. Wazee wetu waliozaliwa katika miaka ya hamsini wamekaa magotini mwa watu waliozaliwa zama hizo.

Ila kanuni ikishaandikwa haimtii tena aliyeiandika. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, na mwaka 1852 akasimama mbele ya Wamarekani weupe akawauliza Azimio lao la Uhuru la 1776 lina maana gani kwa mtumwa. Hakuja na kanuni ngeni. Alichukua ileile yao akawadai wailipe. Mimi nauthamini uliberali mkongwe kwa ajili ya watu kama yeye kuliko kwa ajili ya Locke.

Tofauti kubwa kati ya uliberali mkongwe na itikadi za kisasa kuhusu haki ni ipi?

Ni tofauti kati ya haki za kuachwa na haki za kupewa.

Haki ya kuachwa inamtaka kila mtu mwingine azuie mkono wake tu. Usiniue, usinifunge bila kosa, usinizibe mdomo, usichukue dau langu la kuvulia. Haki ya kupewa inamtaka mtu fulani afanye jambo: anitibu, anisomeshe, anipe maji. Isaiah Berlin alilifafanua jambo la jirani na hili mwaka 1958, alipotenga uhuru wa kutozuiwa na uhuru wa kuyamiliki maisha yako mwenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya waliberali wa Uingereza, T. H. Green na baadaye L. T. Hobhouse (kitabu chake ni cha 1911), walianza kuuliza: mtu mwenye njaa anayetia sahihi mkataba wowote apate mkate, huyo yuko huru kweli? Swali hilo ndilo lililozaa uliberali wa kisasa, na ndani yake bima ya afya, pensheni na elimu ya lazima. Ripoti ya Beveridge ya 1942 ndiyo iliyochora ramani ya mfumo wa ustawi wa jamii Uingereza.

Katiba yetu imefunga ndoa na wote wawili. Vifungu vya 31 hadi 37 karibu vyote ni vya kuachwa: faragha, dhamiri, kujieleza, kukusanyika. Kisha kinakuja cha 43, nacho ni cha kupewa: afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii, elimu. Waandishi wake walijua mfuko una tundu. Kifungu cha 21 kinasema haki hizo zitimizwe hatua kwa hatua, na cha 20 kinaiambia serikali kwamba ikidai haina fedha, ni juu yake kuthibitisha.

Waliberali wakongwe hupenda kusema haki za kuachwa hazina gharama. Si kweli. Dau langu likiibwa nahitaji polisi, hakimu na karani wa kuandika, na wote hao wanalipwa kwa kodi. Lakini tofauti haifutiki. Serikali ikikosa hela inaweza kuchelewesha Sh2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, bibi akanung'unika, na ikasema itatimiza kesho. Haiwezi kusema itaacha kumtesa mfungwa hatua kwa hatua.

Liberali wa Marekani tunayemsikia redioni ni yuleyule wa Locke?

Sivyo. Tangu Rais Roosevelt na mpango wake wa New Deal wa 1933, "liberali" kule ni mtu anayetaka serikali iingie kati zaidi. Warithi wa Locke wakajiita walibertari. Friedrich Hayek aliandika mwaka 1944 kuonya kwamba uchumi unaopangwa wote na serikali huishia kumpanga na mtu. John Rawls mwaka 1971 akatetea haki na mgawanyo pamoja, na Robert Nozick akamjibu 1974 kwamba kugawa upya mali iliyopatikana kwa halali ni kumtumikisha mtu. Ulaya neno bado liko karibu na maana ya zamani. Ukikutana nalo, tazama kwanza anayelisema ametoka wapi.

Sisi tunasema "mtu ni watu". Haki za mtu mmoja si ubinafsi wa kizungu?

Hili huulizwa na wazee, na hulisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Methali ni ya kweli. Hapa mtu akifa kaburi huchimbwa na wasiolipwa, na harusi huwalisha hata wasioalikwa. Lakini angalieni: asiyekuja mazikoni hafungwi jela. Analaumiwa, na siku yake ikifika huona upungufu wa watu. Uliberali mkongwe haukatazi ushirika wa namna hiyo hata chembe. Unakataza askari kuja kumtoa mtu kitandani aende akashirikiane.

Tanzania ilitufundisha hilo kwa gharama. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilizungumza ujamaa kama undugu wa kujitakia. Kufika 1973 hadi 1976 watu walikuwa wakihamishwa kwenye vijiji kwa amri, na kwingine kwa nguvu. Nia ya Nyerere siitilii shaka. Kenya nayo mwaka 1965 iliandika waraka wake nambari 10 wa ujamaa wa Kiafrika, ambao ukiusoma vizuri ni ubepari uliovaa kanzu.

Huko kwa wakomunisti na mafashisti sikai. Wa kwanza waliziona haki za mtu kuwa pazia la tabaka la matajiri, wa pili wakaziona kuwa udhaifu wa taifa. Wote wawili walijaza magereza.

Wazee wana hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Tajiri wa mjini alipoteza mchezo. Waaweer wa misitu ya huku Lamu, wale tuliozoea kuwaita Waboni, walipoteza maisha yao yote, chakula, elimu ya watoto na heshima ya wazee. Haki iliyopotea pale ni ya nani, ya mtu mmojammoja au ya watu kwa jumla? Locke hana jibu zuri. Katiba ya 2010 ilijaribu, kwa haki za utamaduni na kwa ardhi ya jamii kifungu cha 63, kisha sheria ya ardhi ya jamii ikafuata 2016.

Na kwa vijana: Mill aliogopa majirani kuliko alivyomwogopa polisi. Alisema kauli ya wengi inaweza kumkaba mtu hata mahali ambapo sheria haipiti. Anayeishi katika mji ambao barabara zake zinapitisha punda mmoja na mtu mmoja kwa wakati, na kila dirisha lina macho, hahitaji kufafanuliwa.

Katika kesi ya bandari ya Lamu, itikadi gani ilishinda?

Mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za usafiri za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa hapa Machi 2012 na marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia. Wavuvi walikwenda mahakamani mwaka huohuo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Kila itikadi inausoma mkasa huu kivyake. Mwanamaendeleo wa serikalini anasema nchi ni ya mamilioni, wavuvi ni elfu chache, wengi wape. Uliberali mkongwe unajibu kwamba haki ni ukuta uliojengwa hasa kwa ajili ya siku ambayo wengi wanataka kitu chako. Kama wengi wangekuwa wema siku zote ukuta ungekuwa wa nini?

Ila kwenye maji liberali anakwama. Mvuvi hana hatimiliki ya mkondo. Ajabu ni kwamba Locke aliitaja bahari kwa jina. Alisema ni mali ya watu wote, na samaki huwa wa mvuvi pale anapomtia nguvu zake. Basi samaki aliyekwisha kuvuliwa ni wako, lakini yule ambaye hatakuja tena kwa sababu sakafu ya bahari imechimbwa, huyo ni wa nani? Mahakama haikwenda kwa Locke. Ilishika haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni na haki ya kupata habari, haki ambazo karne ya 17 haikuzijua. Mimi ninayependa wakongwe nakiri kwamba hapa vijana walituokoa.

Mwaka uliofuata hukumu hiyo, Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira lenye mamlaka ya kusikiza rufaa liliifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa huku, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haki ya kuulizwa kabla ya kufanyiwa jambo, hiyo hata Locke angeitambua.

Mtetezi wa haki ya mali si lazima awapinge maskwota?

Wengi hudhani hivyo, mpaka wasome hoja yenyewe.

Locke anasema ardhi huwa ya mtu kwa kuchanganya jasho lake nayo. Aliyefyeka, akapanda minazi na mikorosho, akazika wazazi wake hapo, ndiye mwenye kiwanja kabla ya karatasi yoyote. Sasa twende Malindi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza. Walioifahamu serikali waliandikisha. Mijikenda wengi na waliokuwa watumwa, ambao ndio walioshika jembe, hawakuandikishwa. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota juu ya minazi ya babu zao.

Nozick, aliyekuwa mkali wa mali kuliko wote, aliandika wazi kwamba mali ni halali iwapo ilipatikana kwa haki na kuhamishwa kwa haki, na kwamba dhuluma ya zamani inadai kurekebishwa. Anayelitumia jina lake kufukuza watu Malindi amesoma nusu ya kitabu. Ugumu ni kwamba hati ya 1908 imeshauzwa mara tatu au nne, na mnunuzi wa leo huenda naye alilipa fedha zake za halali. Hapo ndipo kila itikadi hukuna kichwa.

Nyumba ni yangu. Kwa nini siruhusiwi kuibadilisha?

Kwa sababu umezaliwa Mkomani, mtaa wa mji wetu wa kale, na si Nairobi. Mji wetu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sheria ya makavazi na urithi ya 2006 inalinda majengo ya kale. Kuta za matumbawe na boriti za mikoko si zako peke yako tena.

Mhafidhina anaipenda sheria hii. Edmund Burke mwaka 1790 aliilinganisha jamii na ushirika wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Liberali mkongwe anasema sawa, lakini umma ukitaka kuutazama ukuta wangu uchangie chokaa. Niliwahi kungojea ruhusa ya kubadili boriti mbili zilizoliwa na mchwa, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa muda ambao mchwa waliutumia vizuri. Siku ile nilikuwa liberali kamili. Lakini nikipita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka njia kuunga nyumba mbili, nakumbuka kwamba wazee walijenga juu ya njia ya watu wote kwa kuelewana tu, na namshukuru aliyekizuia kisibomolewe.

Marufuku ya muguka ilikuwa sawa?

Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa ya jamii ya miraa, na Mahakama Kuu ya Embu, kunakolimwa, ikazisimamisha amri hizo. Hapa mhafidhina na mwanaharakati wa afya ya umma walikaa jamvi moja, mmoja akitaja maadili, mwingine akitaja akili za vijana.

Kwa Mill, mtoto si mtu mzima, hivyo kuzuia asiuziwe ni halali bila mjadala. Mtu mzima aachwe. Na mume aliyetafuna pesa za unga? Mill alimfikiria: aadhibiwe kwa kuvunja wajibu kwa mkewe na wanawe, si kwa alichotafuna. Angezipoteza kwenye karata kosa lingekuwa lilelile. Mimi muguka sili, na watoto wangu nitawakataza kwa ukali. Lakini naona Mill yuko sawa.

Na dini? Haki za mtu zinapatana na mahakama ya kadhi?

Locke mwaka 1689 alisema Mwislamu, Myahudi na hata mpagani wasinyimwe haki za uraia kwa ajili ya imani zao. Upana huo ulikuwa na mipaka: wasioamini Mungu hakuwavumilia, wala anayemtii mkuu wa dini wa nchi ya kigeni kuliko mtawala wake.

Katiba yetu inasema hakuna dini ya Dola, na papo hapo kifungu cha 170 kinaweka mahakama za makadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo. Kifungu cha 24 kinaruhusu usawa upunguzwe kwa kiasi kinachohitajika kwa ajili hiyo. Mfeministi anaona mlango ulioachwa wazi. Mtetezi wa haki za makundi anaona heshima. Mkongwe anaangalia neno moja, kukubali. Je, dada anayegawiwa mirathi amekubali kwa moyo, au kaka zake wamemkubalia? Karatasi haitakwambia.

Usalama ukitikisika, haki zinasimama wapi?

Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliwekewa amri ya kutotoka usiku. Waliokufa walikuwa watu wetu, na hofu haikuwa ya kubuni. Lakini anayevua usiku hana mchana wa kufidia. Kifungu cha 24 kinadai kila kizuizi kiwe cha kisheria, chenye sababu ya haki, na kwamba isiwepo njia nyepesi zaidi. Waulizeni viongozi swali hilo la tatu, maana mara nyingi hujibu yale mawili wakanyamaza. Kwa kipimo cha namna hiyo, Januari 2020, Mahakama Kuu iliizuia serikali isikusanye DNA za watu kwa ajili ya Huduma Namba, mpango wa kumsajili kila mtu kwa nambari moja.

Haki yangu ikivunjwa leo, nianzie wapi?

Kifungu cha 22. Mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kudai haki yake au ya mwenziwe asiyeweza kujiendea. Kufungua shauri la namna hiyo hakulipiwi ada, na katiba inataka taratibu zipunguzwe hadi mahakama iweze kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Karatasi ya daftari yatosha. Andika jina lako, umefanyiwa nini, na nani, tarehe gani, na mashahidi ni akina nani. Toa nakala mbili kabla hujaenda, na moja mwachie mtu nyumbani.